Godoro la Watu Wawili

Feza,

Sitakuandikia kwamba uchemshe maji. Sitakuandikia ufunge mlango, usitembee na simu mkononi, uende misa Jumapili. Hayo nimeyasema tangu Pasaka, mpaka sasa wewe mwenyewe unayamalizia kabla sijafunga mdomo, ukiigiza sauti yangu, ukidhani sikusikii kutoka jikoni. Nakusikia. Nimefundisha darasa la tano miaka ishirini na miwili. Mtoto akinong'ona nyuma ya mgongo wangu naweza kukutajia benchi alilokalia.

Leo umekwenda kulala kwa wenzako wa kwaya, wanakuaga. Vizuri. Utarudi saa kumi na mbili asubuhi kuchukua mizigo, basi la Kolwezi linaondoka saa moja, na saa hiyo nzima utaimaliza ukitafuta chaja. Hatutapata nafasi ya kuongea. Kwa hiyo naandika, nawe utasoma njiani, umekaa, huwezi kunijibu wala kunizungushia macho. Hiyo ndiyo raha ya barua.

Umenichosha, Feza. Niseme hivyo kwanza, nisije nikajifanya mtakatifu. Miezi minne umenichosha. Mtoto amesoma sheria miaka miwili hapahapa Lubumbashi, amefaulu, kisha siku moja mezani, ana tonge la bukari mkononi, ananiambia sheria haimwingii kichwani. Anataka mambo ya migodi, na ni lazima ayasome Kolwezi. Baba yako alicheka kwenye simu. Yeye yuko Kasumbalesa na malori yake na makaratasi ya forodha, haishi na uso wako ukiwa umeshaamua jambo. Mimi ndiye ninayeishi nao. Nikasema sawa. Ukasema utaingia mwaka wa pili, katikati ya watu ambao wamezoeana tangu mwaka wa kwanza. Nikasema sawa, hilo utajua mwenyewe. Nikakuomba kitu kimoja tu: niambie utalala wapi.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Nilikuwa nimeshaongea na mama yako mdogo Eufrazia. Ndiyo, kabla ya kukuuliza. Kwetu mtoto haendi mji wenye ndugu yake akapanga chumba kama mtu asiye na ukoo. Watu wataanza kuuliza hao wamegombania nini. Eufrazia akasafisha chumba cha nyuma, akanunua hata pazia. Ukakataa. Ukasema nyumba yake iko mbali na chuo, ukasema kwake utapika, utafua, utalea wale mapacha, na kitabu utakifungua saa ngapi. Nikakutajia bweni la masista. Masista wanafunga lango jua likizama. Ukakataa. Ukatafuta mwenyewe kwenye hiyo simu yako, ukapata chumba karibu na chuo, katika nyumba ya wanafunzi, kitanda kimoja na dirisha moja. Nikameza mate, nikasema afadhali, atakuwa peke yake, atasoma.

Kisha ukaniletea habari ya Mwansa.

Mwansa ni nani? Mtoto wa Kasomeno. Baba yake anauza mahindi pale njia ya Kasenga. Naye anahamia chuo hicho kama wewe, naye hana pa kulala, mmekutana katika kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wapya. Umemwona? Umeona picha. Umesikia sauti yake? "Alinitumiaka vocal mbili, mama." Kwa picha moja na vocal mbili ukamwahidi nusu ya chumba, halafu ukanijia bila aibu: "Mama, uninunulie matela ya bantu babili. Ya muntu mumoja haitatosha."

Nilinunua la mtu mmoja. Ulidhani nimekosea. Sikukosea. Nilisimama mbele ya muuza magodoro nikachagua lile jembamba kuliko yote, nikajiona mjanja: godoro likiwa dogo, huyo mtoto wa Kasomeno atatafuta kwingine, na mimi sitakuwa nimesema hapana. Nikalileta nyumbani roho nyeupe. Ukalitazama, ukanitazama, na hukupiga kelele. Laiti ungepiga kelele. Ulisema polepole, kama mtu anayesoma matokeo ubaoni: "Mama, weye hauna rafiki hata mumoja. Nani anakuyaka kukuona hapa? Paka bandugu tu. Njo maana hauwezi kuelewa."

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo ni Jumanne. Siku tatu nimegonganisha masufuria jikoni, nimewafokea watoto wa watu kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Nilikutayarishia majibu mengi. Kwamba nina watu wa parokia. Kwamba mtu mzima mwenye kazi na nyumba hana muda wa kukaa barazani kuchekacheka. Kila jibu lilikuwa zuri mpaka nilipolifikisha mwisho. Ulisema kweli, Feza, na ndiyo maana nilikasirika. Tena ni kweli kwa sababu ya godoro, jambo ambalo wewe hukulijua, kwa sababu sikumwambia mtu hata baba yako. Mficha uchi hazai, nami nimeshazaa, wacha niseme.

Nilikuwa kama wewe. Nilianza masomo Kalemie, nikahamia hapa mwaka wa pili. Babu yako, fundi wa reli, hakukubali niondoke bila sanduku la mbao alilolitengeneza kwa mikono yake. Akakata, akapiga randa, akapaka rangi, haikukauka, akapaka tena. Nilipofika kampasi masomo yalikuwa yameanza wiki mbili na vyumba vyote vimegawanywa. Nikasimama kwenye ujia wa jengo la wasichana na lile sanduku, najifanya namsubiri mtu.

Msichana mmoja akatoka chumbani na ndoo. Mnene, na sauti ya kuita wateja sokoni. Akatazama sanduku, akanitazama.

"Weye unangojea nani?"

Nikasema namsubiri rafiki.

"Anaitwa nani?"

Nikalitazama sanduku langu. Akacheka, akaweka ndoo chini, akashika mkono mmoja wa sanduku. "Kamata huko kwako," akasema. "Hii kintu itakuvunja mugongo."

Huyo alikuwa Mbombo. Watu wao ni wa Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa. Chumba kilikuwa na jina lake mlangoni. Langu halikuandikwa popote. Mtu kama mimi tulimwita maquisard: analala kwa mwenzake bila ruhusa, na msimamizi akipita anaingia chini ya kitanda na kunyamaza. Godoro lake lilikuwa la mtu mmoja. Tulilala mzungu wa nne mwaka mzima, kichwa changu kwenye miguu yake, miguu yangu kwenye kichwa chake. Nikikoroma alinifinya kidole gumba cha mguu. Asubuhi alikuwa ananihesabia: leo nimekufinya mara saba.

Darasani nilikuwa mjinga. Watu walikuwa wengi kuliko mabenchi, na desturi ilikuwa kwamba anayefika alfajiri anawawekea wenzake nafasi kwa madaftari. Daftari likikungoja juu ya benchi, basi una mtu. Langu halikuwekwa na yeyote, na kosa lilikuwa la kwangu. Kila kitu nilikilinganisha. Kule kwetu Kalemie mwalimu anaandika ubaoni. Kule kwetu hatufanyi hivi. Mwezi wa kwanza haukuisha, wakaniita Kule-Kwetu. Nikanuna. Nikaacha kuongea kabisa, nikawa nasimama dirishani, naandika daftari likiwa ukutani, nasubiri waje wenyewe kuniomba msamaha.

Hawaji, Feza. Nilisubiri mpaka Noeli. Si kwamba ni wabaya. Wana vichekesho vyao vya mwaka jana, wana magomvi yao yaliyokwisha, hawana habari kwamba kuna mtu amesimama dirishani amenuna. Mimi nikifikiri wananikwepa, wao hawakuwa wamegundua kwamba nimenuna.

Nilipomlilia Mbombo, hakunionea huruma. Alikuwa anachambua maharagwe. "Anza weye kumuwekea muntu daftari," akasema, na akaendelea na maharagwe yake. Nikaona ni upuuzi. Niwawekee nafasi watu wanaonicheka? Lakini kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akichelewa kila siku kwa sababu ya mtoto mchanga. Nikaamka mapema, nikamwekea. Siku ya kwanza alikaa hata bila kunitazama, nikaghadhibika nikaapa sirudii. Nikarudia. Ijumaa aliniletea karanga za kukaanga katika karatasi, na Jumatatu iliyofuata nilimkuta ameshafika kabla yangu, mtoto mgongoni, daftari lake kwenye nafasi yangu. Kule-Kwetu waliendelea kuniita, lakini sasa waliniita wakitaka nije.

Kama hadithi ingeishia hapo, ungekuwa na mama mwenye marafiki.

Mwisho wa mwaka mimi nilifaulu, Mbombo akatakiwa kurudia. Aliyerudia mwaka alipoteza chumba, ndiyo ilikuwa sheria. Mimi nikapewa nafasi katika chumba cha wanne, pamoja na wasichana watatu wa kwetu kaskazini, waliojua kijiji cha baba yangu na nyimbo za parokia yetu. Nikajiona nimefika. Baada ya wiki moja Mbombo akagonga. Ndoo mkononi, godoro limekunjwa kichwani.

"Nilale hapa kidogo," akasema. "Paka mpaka nipate fasi ingine."

Nyuma yangu watatu wale wananitazama. Mmoja alikuwa ameniambia siku iliyotangulia: "Ule ni muntu wa Kasai. Akiingia, hatatoka tena." Ndivyo ilivyokuwa miaka ile, usijifanye hujasikia. Watu wa Kasai walitazamwa vibaya katika mji huu, wengi walikuwa wamefukuzwa wakaacha nyumba zao, na waliobaki walitembea wakipunguza sauti. Mbombo hakupunguza. Na mimi niliyekuwa naijua hata miguu yake, nikashika mlango, nikasema: "Chumba ni kidogo, Mbombo. Na mitihani iko karibu."

Mitihani ilikuwa bado miezi minane. Kalenda aliijua kama mimi.

Akasema, "Aya." Akageuka. Ujia ulikuwa mwembamba, godoro likakwama kwenye pembe ya ukuta, akaligeuza upande, likakwama tena. Nilisimama nikamtazama akihangaika nalo. Sikumshikia.

Alikwenda kukaa kwa shangazi yake mbali sana, akawa anatembea asubuhi na jioni. Kabla ya Noeli akaacha masomo. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nikamaliza, nikapata diploma ile iliyoko sebuleni, unayoipangusa vumbi Jumamosi. Wale wasichana watatu sijui hata waliko. Na tangu hapo, mtu akinitendea wema, roho yangu inasema: huyu hajui. Angejua, asingekuja. Basi namtangulia, namweka mbali kabla hajajua. Watu wanadhani Mama Feza ana maringo. Ni haya, mwanangu. Miaka ishirini na mitano ya haya.

Ngoja, haijaisha, na utaona ni kwa nini nimekasirika na nafsi yangu kuliko nawe.

Ulipokuwa bado sekondari nilikutana naye katikati ya mji, kwenye foleni ya benki. Aliita jina langu mpaka walinzi wakageuka. Amefungua duka la vitambaa mitaa miwili kutoka pale. Akaniuliza habari za watoto, akaniuliza kama bado nakoroma, akaandika namba yake nyuma ya karatasi yangu. Habari ya mlango hakuitaja hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikalala mchana na kitambaa kichwani. Nyinyi mlidhani ni malaria. Namba ile niliiingiza kwenye simu na sikuipiga. Niliipitia kila nilipokuwa namtafuta mtu mwingine.

Leo baada ya masomo nililifunga lile godoro dogo, nikalirudisha kwa muuzaji ili anibadilishie. Akatazama plastiki iliyochanika. "Mama, matela haiko mukate," akasema. "Hatuionjake, tunarudisha." Tukabishana mpaka wateja wake wakaanza kunitetea, hakulegea. Basi nikanunua la watu wawili, na lile dogo nikabaki nalo. Usiniambie chochote. Wakati huo wingu limefunga, mimi niko kando ya barabara na magodoro mawili, moja refu kuliko mimi, na kila taksi inapunguza mwendo, inaona, inaondoka. Nikafikiria nani wa kumwita. Baba yako yuko mpakani. Wewe nilikuwa sijakusamehe. Nikashuka orodha ya simu kutoka juu mpaka chini: mkurugenzi wa shule, katekista, muuza makaa, ndugu, ndugu, ndugu. Maneno yako ya Jumamosi yalikuwa yamesimama nami pale barabarani.

Nikampigia Mbombo.

"Allô, nani?"

Nikataja jina langu. Nikasema, "Niko na matela ya bantu babili. Siwezi kuibeba peke yangu."

Alikuja na ndala za nyumbani, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Akalitazama godoro, akanitazama, kama siku ile ya sanduku. Nikaanza palepale, watu wanapita na mikokoteni yao, nikasema yote: mlango, mitihani, wale watatu nyuma yangu, na kwamba chumba hakikuwa kidogo. Sikulia vizuri, nililia vibaya, na pua. Aliniacha nimalize.

"Nililiaka, unajua," akasema. "Kwa ngazi, matela pa kichwa. Na nilikukasirikiaka myaka mingi. Mingi sana." Akakunja utepe wake, akautia mfukoni. "Sasa kamata huko kwako, mvula inakuya."

Tukabeba hivyo, lile dogo tumelilaza juu ya lile kubwa, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka kwa mtu mwenye gari la wazi ambaye Mbombo alimbembeleza na kumtukana kwa zamu mpaka akakubali. Mvua ikatukuta mlangoni.

Nimempigia pia Eufrazia kumwambia huji kukaa kwake. Amenisomea pazia lile kuanzia bei ya kitambaa mpaka fundi aliyelishona. Nimeyapokea, yalikuwa ya kwangu. Utakwenda kumwamkia, hilo si shauri, ni amri.

Sasa sikiliza. Sijasema Mwansa ni mtu mzuri. Simjui, wala wewe humjui, na bado naona ni wazimu kumgawia mtu chumba kwa vocal mbili. Ungeniuliza. Mimi pia ningekuuliza kabla ya kwenda kwa Eufrazia, haya, tumelingana. Labda atamaliza sabuni yako. Labda atakoroma, mfinye. Na ikija siku ukaona hamuwezi kukaa pamoja, mwambie kwa mdomo wako, na umpe sababu yenyewe. Usimpe mitihani. Sababu ya kweli inauma siku moja, mtu anakujibu, mnagombana, inapita. Ile ya uongo ndiyo niliyolala nayo mimi miaka yote hii.

Godoro lako liko nyuma ya mlango, Mbombo amelifunga kwa kamba na mafundo yake mwenyewe. Usiyakate kwa kisu, yanafunguka. Asubuhi utamkuta hapa, maana mvua haijakatika na kwake ni mbali. Msalimie vizuri, na usimuulize mambo mengi. Anasema atakusindikiza mpaka kwenye basi amwone huyu mtoto anayemgawia kitanda mtu asiyemjua.

Nimemtandikia kitanda changu, amekataa. "Leta ile ya muntu mumoja," amesema. Amelitandika sakafuni sebuleni, chini ya diploma, na tangu nianze ukurasa huu wa mwisho ananiambia nizime taa. Nimemwambia magoti yangu hayawezi tena kulala chini. Amejisogeza ukutani, ameacha nafasi upande wa miguu yake.

Mama yako